Nchini na Chini: Neno la Kale la Kibantu na Suala la Ardhi Kolwezi

1. Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo msemaji wa Kiswahili huyatumia kila siku bila kuyafikiria ni nchi na chini. La kwanza ni nomino, nalo hutaja eneo la watu walio chini ya utawala mmoja. La pili hufanya kazi ya kielezi, nalo huonyesha upande ulio kinyume cha juu. Katika kamusi maneno haya huwekwa mbalimbali, moja kwenye herufi C na jingine kwenye herufi N, na mwanafunzi hana sababu ya kushuku kwamba yana udugu. Hata hivyo, yakichunguzwa kwa kanuni za isimu linganishi, hubainika kuwa yametoka katika mzizi mmoja.

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya mzizi huo na maana zilizochipuka kutokana nao, na kisha kuonyesha umuhimu wa maana hizo katika mji wa Kolwezi na ukanda wa shaba wa Lualaba, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kolwezi imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili cha huko kimekaa jirani na lugha nyingine za Kibantu zilizohifadhi mzizi huo huo kwa sura tofauti, na kwa hiyo ulinganisho ni mwepesi. Pili, Kolwezi ni mahali ambapo swali la nani mwenye nchi haliwezi kutenganishwa na swali la nani mwenye kilicho chini. Huko historia ya maneno haya mawili si jambo la wataalamu peke yao, bali ni jambo la mtu na nyumba yake.

2. Mzizi wa Kibantu

Wataalamu wa lugha za Kibantu, tangu Carl Meinhof mwishoni mwa karne ya 19 hadi Malcolm Guthrie, aliyechapisha kazi yake kubwa ya ulinganishi kati ya 1967 na 1971, wamekubaliana kuwa Kibantu cha awali kilikuwa na mzizi *-ci, uliomaanisha ardhi inayokanyagwa na pia nchi. Kinyota hicho huonyesha kwamba umbo hilo halikupatikana katika maandishi yoyote, bali limeundwa upya kutokana na lugha zilizopo.

Ushahidi wake umeenea kutoka bahari hata bahari. Kikongo, katika mwambao wa Atlantiki, kina nsi kwa maana ya nchi. Luganda ina ensi, yenye maana ya nchi na pia ya dunia. Kinyarwanda kina isi, yaani dunia. Kikuyu kina thĩ, kwa maana ya ardhi au dunia, ambapo sauti ya kale *c imegeuka kuwa th kwa kanuni ya kawaida ya lugha hiyo. Kiswahili kina nchi, na katika lahaja za kaskazini kama Kiamu neno hilo hutamkwa nti.

Jambo la kuzingatia ni kwamba karibu kila palipo na mzizi huu, pana pia neno la mahali lililoundwa kwa mzizi huo likiwa na maana ya chini. Luganda husema wansi, Kinyarwanda hasi, Kichewa pansi, Kizulu phansi, na Kibemba panshi. Katika Kiluba, ambacho ni jirani wa Kiswahili cha Kolwezi, neno ni panshi vilevile. Katika maneno haya yote sehemu ya kwanza ni kiambishi cha mahali, pa- au umbo lililotokana nacho, na sehemu ya pili ni mzizi ule ule. Kwa hiyo maana ya asili ya panshi ni "penye ardhi" au "juu ya ardhi", na maana ya "chini" imezaliwa kwa sababu ardhi ndiyo mwisho wa kila kinachoanguka.

3. Jinsi nchi ilivyozaa chini

Kiswahili kimefuata njia hiyo hiyo ya maana, lakini kwa chombo kingine cha sarufi. Badala ya kiambishi awali pa-, kimetumia kiambishi tamati -ni, kile kinachopatikana katika nyumbani, mjini na shambani. Chini ni nchi iliyopewa -ni.

Msomaji atauliza n ya mwanzo ilikwenda wapi. Jibu lake limo katika kanuni inayojulikana vema. Katika ngeli ya N, nazali hudondoka mbele ya sauti zisizo na mghuno kama p, t, k na ch. Ndiyo sababu ikasemwa nyumba kubwa na nyumba pana, si nyumba nkubwa wala nyumba mpana. Lakini mzizi ukiwa na silabi moja tu nazali hubaki, kwa kuwa neno linahitaji silabi ya pili ya kubeba mkazo. Ndiyo sababu ikasemwa nyumba mpya. Nchi ni kama mpya: mzizi wake ni silabi moja, na hivyo n imesalimika na hata kubeba mkazo wa neno. Mzizi ulipoongezwa -ni, silabi zikawa mbili, n haikuhitajika tena, nayo ikadondoka. Ushahidi zaidi watoka Lamu: msemaji wa Kiamu anayesema nti badala ya nchi husema pia tini badala ya chini. Maneno mawili yanapobadilika pamoja namna hiyo, udugu wao hauna shaka.

Baadaye Kiswahili kiliunda upya neno lile lile. Kwa kuwa wasemaji walikwisha kusahau kwamba chini ni nchi yenye -ni, walichukua nchi na kuipa -ni kwa mara ya pili, wakapata nchini, kwa maana ya "katika nchi". Nchini na chini, kwa hiyo, ni pacha waliozaliwa kwa nyakati mbili. Mmoja amekwenda upande wa utawala na siasa, mwingine amebaki upande wa udongo na kina. Hata usemi wa kawaida chini ya ardhi, ukirejeshwa kwenye asili yake, ni sawa na kusema "ardhini pa ardhi".

Ni vema hapa kutaja neno ardhi lenyewe. Hili ni la Kiarabu, nalo lina ndugu katika lugha nyingine za Kisemiti, kama erets ya Kiebrania. Kufanana kwake na Erde ya Kijerumani hakuna msingi wa udugu unaokubalika katika isimu. Katika Kiswahili sanifu ardhi ndilo limekuwa neno la sheria. Tanzania ilitunga Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji mwaka 1999, na Katiba ya Kenya ya 2010 ina sura nzima ya ardhi na mazingira. Ujio wa neno hili uliiachia nchi maana ya dola, na udongo ukabaki na maana ya kitu kinachoshikwa kwa mkono.

4. Inchi, bulongo na lupango

Kiswahili kilifika katika ukanda wa shaba kwa njia zaidi ya moja. Katika karne ya 19 kilikuja na biashara. M'siri, aliyetoka upande wa Unyamwezi na kuanzisha dola ya Wayeke yenye makao yake Bunkeya, alifanya biashara ya shaba, pembe na watumwa na wafanyabiashara wa pwani ya mashariki na ya magharibi. Bunkeya leo imo katika jimbo la Lualaba. Msafara wa Stairs, ambao ndio uliomwua M'siri tarehe 20 Desemba 1891, ulikuwa na wapagazi wengi walioajiriwa Zanzibar. Baadaye Kiswahili kilienea kwa nguvu mpya katika makambi ya wafanyakazi ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameeleza jinsi serikali, kampuni na misheni zilivyokipa Kiswahili nafasi ya lugha ya kazi huko Katanga. Leo ni moja ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya Kongo ya 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Kiluba cha Kasai, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi.

Katika Kiswahili hicho, nchi husemwa inchi. Irabu i imeongezwa mwanzoni ili nazali isikae peke yake. Udongo husemwa bulongo, umbo linalotunza kiambishi cha kale bu- ambacho Kiswahili cha pwani kimekipunguza kuwa u-. Eneo la nyumba lililozungushiwa ua huitwa lupango, neno linalofahamika pia katika Lingala kwa umbo la lopango. Mtu wa Kolwezi, basi, ana inchi akizungumzia taifa au jimbo, ana bulongo akizungumzia kinacholimwa, kufinyangwa au kuchimbwa, na ana lupango akizungumzia pale anapolala na watoto wake.

Vilevile Kiswahili cha Katanga hakitumii sana kiambishi -ni. Mahali huonyeshwa kwa mu, ku na pa mbele ya nomino, kama zifanyavyo lugha jirani: mu nyumba, ku kazi, mu inchi. Lakini chini husemwa chini, pamoja na -ni yake ya pwani, kama kisukuku kilichosafirishwa kikiwa kizima. Msemaji anayesema mu inchi na chini katika sentensi moja ametumia sarufi mbili za nyakati mbili juu ya mzizi mmoja, na jirani yake asemaye panshi kwa Kiluba ametumia ya tatu.

5. Nchi na pori

Ili kuelewa yaliyolifika neno hili katika enzi ya kikoloni, yafaa kulilinganisha na neno la watawala. Katika lugha za Kijerumanik, yaani familia yenye Kijerumani, Kiholanzi na Kiingereza, neno la kale la ardhi na nchi ni land. Wenye lugha hizo wamelitumia kwa shamba la mtu mmoja na kwa taifa zima. Ndugu wa neno hilo wapo katika lugha za Kikelti, lakini huko maana ni nyingine: lann ya Kibretoni ni uwanda wa vichaka usiolimwa, na Kifaransa kimelirithi katika neno lande kwa maana hiyo hiyo. Mzizi mmoja, basi, upande huu umekuwa nchi yenye watu na sheria, na upande ule umebaki pori.

Tofauti hiyo ya nchi na pori ndiyo iliyoamua mambo katika Kongo. Tarehe 1 Julai 1885, mwanzoni kabisa mwa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II, ilitolewa amri kwamba ardhi iliyo tupu, isiyo na mwenyewe, ihesabiwe kuwa mali ya serikali. Kwa jicho la mwandishi wa amri, ardhi yenye watu ni ile iliyojengwa au kulimwa wakati ule. Mashamba yaliyopumzishwa, misitu ya kuwindia, mito ya kuvulia, na machimbo ya shaba yaliyofanyiwa kazi wakati wa kiangazi tu, yote yaliweza kuhesabiwa kuwa matupu. Mwaka 1900 Comité Spécial du Katanga ilipewa usimamizi wa eneo zima la Katanga, na kutoka kwake zikatokea haki za uchimbaji za Union Minière.

Wenyeji hawakuwa na nchi tupu kwa maana hiyo. Katika Kiluba pana mwine ntanda, yaani mwenye nchi, ambapo mwine ni ndugu wa mwenye ya Kiswahili, na ntanda ndilo neno la nchi. Mwine ntanda hakuwa muuza viwanja. Alikuwa mtu wa ukoo uliotangulia kufika, aliyejua mizimu ya mahali na kuomba kwa niaba ya wote. Utaratibu huo uliheshimiwa hata na washindi wa vita. Walunda wa Kazembe, waliokwenda mashariki na kutawala bonde la Luapula katika karne ya 18, waliwaachia wenye nchi wa kale kazi zao za ibada. Utawala ulikuwa wa mmoja, ardhi ilikuwa ya mwingine, na wote wawili waliishi pamoja.

Shaba nayo ilikuwa na utaratibu wake. Misalaba ya shaba iliyofukuliwa katika makaburi ya kale ya bonde la juu la Lualaba, hasa Sanga kando ya ziwa Kisale, inathibitisha kwamba chuma si madini pekee yaliyojulikana huko karne nyingi kabla ya Mzungu. Uchimbaji na uyeyushaji uliongozwa na mafundi wenye miiko yao, na haukuanza bila wahenga kuombwa. Jambo hilo si geni duniani. Wachimbaji wa fedha wa Sachsen, huko Ujerumani, walipokuta mawe yasiyotoa fedha na yenye moshi wa sumu, walisema yamelogwa na kobold, pepo wa chini ya ardhi. Jina hilo la pepo ndilo lililokuwa jina la kobalti, metali iliyotambuliwa na Georg Brandt wa Sweden katika miaka ya 1730, na ambayo leo zaidi ya nusu yake duniani huchimbwa Kongo, hasa Lualaba. Metali ya Kolwezi inabeba jina la mwenye chini wa Kijerumani.

6. Sheria inapotenganisha juu na chini

Uhuru wa 1960 haukurudisha utaratibu wa kale. Sheria ya tarehe 7 Juni 1966, iitwayo Sheria ya Bakajika, ilikata mirija ya makampuni ya kikoloni kwa kuirudishia dola uwezo kamili juu ya ardhi, misitu na madini. Mwanzoni mwa 1967 mali za Union Minière zikawa za shirika la taifa, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Gécamines. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikatamka kwamba ardhi yote ni mali ya dola peke yake, isiyouzwa wala kupotea kwa kupita muda. Raia hupewa haki ya kuitumia, kwa muda maalumu au wa kudumu. Kuhusu ardhi zinazokaliwa kwa mila, sheria hiyo ilisema kwamba haki za wenyeji zitapangwa kwa amri ya Rais, na miongo ikapita bila amri hiyo kutolewa.

Sheria ya madini ya tarehe 11 Julai 2002, ambayo ilirekebishwa mwaka 2018, iliongeza mgawanyo mwingine. Inasema kwamba madini ni mali ya dola, na kwamba haki ya mgodi ni haki mbali na haki ya ardhi iliyo juu yake. Katiba ya 2006 nayo, katika kifungu cha 9, inataja mamlaka ya dola juu ya ardhi na juu ya tabaka la chini kama vitu viwili. Katika kifungu cha 34 inalinda mali ya mtu au ya jamii iliyopatikana kwa sheria au kwa mila.

Lugha ya sheria hizi ni Kifaransa, nacho kina maneno mawili yaliyo wazi: sol na sous-sol, ardhi na kilicho chini yake. Kiswahili kikitafsiri hulazimika kusema ardhi na chini ya ardhi, na hapo ndipo historia ya neno inapoingia. Kwa mzizi wa Kibantu, chini si chumba kingine kilichojengwa chini ya nchi. Chini ni nchi yenyewe ikitazamwa na aliyesimama. Mtu huzikwa humo, kitovu cha mtoto huzikwa humo, na ndiyo maana pale kitovu kilipozikwa pakaitwa kwao. Katika fikra hiyo, kumwambia mtu kwamba juu ni kwako na chini si kwako ni kumwambia jambo ambalo lugha yake haikuliandalia mahali.

Hili halina maana kwamba lugha humfunga mtu asiweze kuelewa sheria. Watu wa Kolwezi wameishi na makampuni ya madini kwa zaidi ya miaka mia moja, nao wanaelewa vizuri sana kibali ni nini. Maana yake ni kwamba mgawanyo huu hauelezeki kwa neno moja, na mahali unapotajwa kwa neno moja, pana hatari ya mtu kusikia alichokizoea na kutia sahihi kitu kingine.

7. Kasulo

Mfano ulio wazi ni mtaa wa Kasulo, ndani ya mji wa Kolwezi. Mwaka 2014 mkazi mmoja aliyekuwa akichimba katika lupango yake alikuta jiwe jeusi la heterojeniti, lenye kobalti kwa wingi. Habari ikaenea. Katika muda mfupi mashimo yalichimbwa nyuani, jikoni, na ndani ya vyumba vya kulala, na mahandaki yakapita chini ya njia na chini ya nyumba za majirani. Wengine walichimba wenyewe, wengine walikodisha lupango zao kwa wachimbaji kwa mapatano ya kugawana. Nyumba zilipata nyufa, na watu walifukiwa.

Kwa fikra ya kawaida ya mkazi, bulongo ya mu lupango ni yake, na kilichomo ndani ya bulongo hiyo kimefuata. Kwa sheria, karatasi yake ya kiwanja ilimpa haki ya kukaa na kujenga tu, na jiwe lilikuwa la dola hata kabla halijaonekana. Wote wawili walisema "ardhi", na kila mmoja alikusudia kitu chake.

Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Lualaba, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, ilikubaliana na kampuni ya Congo Dongfang Mining, tawi la Huayou Cobalt ya China, kwamba sehemu ya Kasulo igeuzwe kuwa eneo la uchimbaji mdogo unaosimamiwa. Wakazi wa sehemu hiyo walihamishwa, nyumba zikabomolewa, na ukuta ukajengwa kuizunguka. Wachimbaji waliingia kwa vitambulisho, na kampuni ikawa mnunuzi wa mawe yao.

Hesabu ya fidia ndiyo inayodhihirisha uzito wa maneno. Anayehamishwa hulipwa kwa kile ambacho sheria inakitambua kuwa chake: nyumba, miti, mazao, na haki yake ya kukitumia kiwanja. Kilicho chini hakimo katika hesabu, hata kama ndicho sababu pekee ya kuhamishwa. Anayesikia kwamba atalipwa fidia ya ardhi, naye kwake ardhi ni pamoja na chini, atapokea malipo akiwa na hakika kwamba amepunjwa. Anayelipa, naye kwake ardhi ni uso tu, atakuwa na hakika kwamba amemaliza deni. Ugomvi wa namna hiyo hauwezi kwisha kwa kuhesabu fedha upya, kwa kuwa haukuanza katika fedha.

Wala Kasulo si mtaa pekee. Migodi mikubwa ya Kolwezi imepakana na mji, na upanuzi wake umeendelea kuwahamisha watu. Mwaka 2023 Amnesty International pamoja na shirika la haki za binadamu la Kongo zilichapisha ripoti kuhusu uhamishaji huo. Kadiri dunia inavyohitaji betri za magari, ndivyo swali la chini litakavyozidi kuulizwa katika mitaa ya Kolwezi, na litaulizwa kwa Kiswahili.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba nchi na chini ni neno moja la Kibantu. Kwamba chini limetokana na nchi kwa kiambishi -ni, kama panshi na ndugu zake walivyotokana na mzizi huo kwa kiambishi pa-. Na kwamba nchini ni kuzaliwa kwa pili kwa neno hilo hilo. Imeonyeshwa pia kwamba sheria ya Kongo, kuanzia amri ya 1885 hadi sheria ya madini ya sasa, imeligawa mara mbili jambo ambalo neno la kale lilitaja kwa pamoja: kwanza kwa kutenga nchi na pori, kisha kwa kutenga juu na chini.

Mambo mawili yafuata. La kwanza lahusu watunga kamusi: inafaa kamusi za Kiswahili zionyeshe udugu wa nchi, nchini na chini mahali pa kila neno, na zipokee inchi, bulongo na lupango kama maneno halali ya sehemu kubwa ya wasemaji, badala ya kuyaacha kama makosa. La pili lahusu wafasiri wa sheria na wale wanaokwenda mitaani kuwaeleza watu mikataba. Neno ardhi peke yake halitoshi. Yafaa isemwe bayana: haki ya kukaa na kujenga juu ya kiwanja, na haki ya kuchimba na kuchukua kilichomo chini yake, kila moja kwa jina lake na kwa mwenyewe. Maelezo hayo hayatamrudishia mkazi jiwe ambalo sheria imelikabidhi kwa dola. Yatamwezesha kujua, kabla ya kutia sahihi, ni kitu gani anachoombwa kukiacha, na kama hakubaliani na sheria, aishindanie mahali panapostahili, akiwa na maneno yake mkononi.